Kutoa maji ya masika nyumbani kwa pampu ndogo ya umeme: mwongozo kamili

Masika yakishuka, baina ya Machi na Mei, mji wa Unguja hugawika watu wa aina mbili: wenye nyumba za juu na wenye nyumba za chini. Wa juu husikia mvua juu ya bati wakavuta shuka. Wa chini hushusha miguu kitandani wakakuta maji yamewatangulia. Mtu wa Sebleni au wa karibu na bwawa la Mwanakwerekwe hana haja ya kuelezwa.

Zamani kazi hii ilikuwa ya ndoo, kata na mgongo. Siku hizi kuna pampu ndogo za umeme za kuzamisha, kilo nne au tano, mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Zinapatikana madukani mjini, na mvua ikishaanza watu huzigombania kama mkate wa futari.

Nasema mapema kabisa: pampu yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Panapowashinda watu ni pawili. Pa kwanza ni maji yatakwenda wapi yakishatoka, na pa pili ni umeme utafikaje kwenye pampu bila ya kuua mtu. Usomapo mwongozo huu, hayo mawili uyasome taratibu, mengine unaweza kuyarukia.

Kabla ya kutoa pesa, jua maji yanatoka wapi

Maji ya uani huwa na asili tatu, na pampu inafaa kwa moja, inafaa nusu kwa nyingine, na haifai kitu kwa ya tatu.

Ya kwanza ni maji ya paa lako mwenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hesabu haina zaidi ya hiyo. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, na kama hakuna gata zote zinaangukia uani kwako. Hapa pampu itafanya kazi vizuri, lakini dawa ya kwanza ni gata na tangi. Mtu anayesubiri maji ya bomba siku mbili tatu, halafu anapampu lita elfu tano za mvua kuzitupa mtaroni, anajipa kazi mara mbili.

Ya pili ni maji ya njiani, yanayoteremka kutoka barabarani au kwa jirani wa juu. Ukiyatoa bila ya kuyazuia, unapampu maji ya mtaa mzima. Ziba mlango kwanza. Viroba vya mchanga vijazwe nusu tu ili vilale bapa, vipangwe kama matofali, cha juu kikalie mshono wa vya chini. Pemba, ambako nyumba nyingi ziko kwenye miteremko na udongo ni mzito, mfereji mdogo uliochimbwa upande wa juu wa nyumba, ukayazungusha maji pembeni, mara nyingi unashinda pampu yoyote.

Ya tatu ni maji yanayopanda kutoka chini ya ardhi. Kuyajua ni rahisi: mvua ikikatika, piga alama ya mkaa ukutani pale maji yalipofika, kisha urudi baada ya saa moja. Yakiwa yamepungua, ardhi inayanywa na unaweza kuisaidia. Yakiwa yamepanda na hakuna mvua wala maji yanayoingia mlangoni, ardhi imeshiba. Utapampu usiku kucha na asubuhi yatakuwa palepale. Hapo okoa vyombo, panda juu na vitu vyako, na pesa ya pampu uiweke kwa kuinua sakafu mvua zikimalizika.

Pampu ya kununua

Nyumba nyingi tayari zina pampu: ile ya kupandishia maji kwenye tangi, inayokaa juu ya simenti karibu na mita. Usiipeleke kwenye mafuriko. Ile imetengenezwa kwa maji safi, nafasi iliyomo ndani yake ni nyembamba, na mchanga kidogo tu unaikwangua mpaka inapoteza nguvu. Zaidi ya hayo si ya kuingia majini. Pampu ndefu nyembamba ya kisima nayo ni hivyo hivyo, ya maji safi.

Unayoitaka ni pampu ya kuzamisha ya maji machafu. Huwa fupi na nene, ya plastiki ngumu au chuma, ina miguu chini na boya linaloning'inia kwa waya pembeni. Kwenye kibandiko chake angalia mambo haya.

Wati. Kwa uani wa kawaida, wati 400 zinatosha. Ya 750 ina nguvu zaidi, lakini katika nyumba nyingi mpira na shimo haviwezi kuilisha, inamaliza maji ya pale ilipokaa na kuanza kunyonya hewa. Mimi sioni haja yake ila kwa mwenye uwanja mkubwa.

Lita kwa saa. Hapa ndipo wauzaji wanapotuzuga. Pampu ya wati 400 huandikwa lita 7,000 au 7,500 kwa saa, na pembeni imeandikwa mita 5 za kupandisha. Hizo namba mbili hazikutani. Lita zile ni pale maji yanapotoka bila ya kupanda hata kidogo, na mita zile ni pale maji yanapofika juu yakasita, hayatoki hata tone. Kazi yako iko katikati. Ukipandisha mita mbili na mpira una urefu wa mita kumi, hesabu nusu ya kilichoandikwa, na ukipata zaidi ushukuru.

Ukubwa wa taka. Huandikwa kwa milimita. Pampu ya maji safi hupitisha milimita 5, ya maji machafu hupitisha 25 mpaka 35. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu maji ya uani kwetu yana mchanga, majani ya muembe, vifuniko vya chupa na chicha iliyosahauliwa kwenye beseni.

Herufi IPX8, maana yake chombo kimetengenezwa kukaa chini ya maji. Kama kibandiko hakina, rudisha.

Urefu wa waya. Mita 10 ndiyo ya kutafuta. Waya mfupi utakulazimisha kuunga karibu na maji, na huko ndiko wanakofia watu.

Mpira, ambao watu wanauonea

Nimeona watu wananunua pampu nzuri, halafu wanaifunga mpira wa kumwagilia maua kwa sababu upo nyumbani. Mpira wa nusu inchi kwenye pampu iliyotengenezewa inchi moja na robo unaifunga koo. Uwazi wa inchi moja na robo unazidi wa nusu inchi zaidi ya mara sita. Pampu italia, itapata moto, na maji yatatoka kama ya birika.

Nunua mpira unaolingana na mdomo wa pampu, yaani inchi moja na robo au moja na nusu. Ule wa bapa unaojikunja kama mkanda ukiwa mtupu ni mwepesi na hauchukui nafasi stoo, ila haupendi kona: ukikunjika pahala, maji yamekatika. Kila inapobidi upinde, ulaze kwa duara pana. Ufunge kwa klipu ya chuma ya kukaza kwa bisibisi. Kamba au raba ya tairi vitatoka katikati ya kazi, na vitatoka usiku.

Kata urefu unaohitajika tu. Na kama unaweza kuupitisha mpira kwenye tundu chini ya ukuta, usiurushe juu ya ukuta. Kila mita unayopanda unailipa kwa lita.

Umeme: hapa twende polepole

Maji yakiwa yameshafika kwenye soketi za ukutani, usiguse kitu na usiingie majini kwenda kuzima. Kama swichi kuu iko pahala pakavu na njia ya kufikia ni kavu, zima. Kama si hivyo, toka nje na watu wako na upige simu ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wakate kutoka nje. Hakuna pampu inayotumika katika nyumba hiyo mpaka fundi apite.

Maji yakiwa uani tu na ndani pakavu, tayarisha hivi.

Plagi kwanza. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na pini ya juu, ile ndefu, ndiyo ya ethi. Pampu nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo. Kila mtu anajua kinachofanyika: kijiti cha kiberiti au kalamu hutiwa kwenye tundu la juu, vile vifuniko vya ndani vinafunguka, na pini mbili zinasukumwa chini. Redio itaimba hivyo miaka kumi bila ya tatizo. Pampu iliyo majini ikifanyiwa hivyo haina ethi kabisa, na siku mpira wa ndani utakapochakaa maji yakafika kwenye mota, umeme utatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini. Njia hiyo itakuwa mtu aliyesimama majini. Kata plagi ile, mwite fundi afunge ya pini tatu yenye fyuzi, na waya wa kijani na manjano ukae kwenye pini ya ethi. Ni kazi ya dakika kumi.

Pili, kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho mafundi wanakiita kwa herufi zake, RCD. Hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukitofautiana kwa milliampea 30, maana yake kuna unaovujia pahala pengine, nacho hukata kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Sakiti breka ya kawaida haifanyi kazi hii. Hiyo hulinda waya usiungue na haijui kama kuna mtu anakufa. Kama bodi yako haina RCD, zipo za kuchomeka kwenye soketi. Ina kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST: kibonyeze kila unapotaka kuanza kazi. Ikikata, ni nzima. Isipokata, usiitumie pampu siku hiyo.

Tatu, eksitensheni. Iwe ya waya mnene na yenye ethi. Kama ni ya kuzungushia kwenye gurudumu, ivute yote mpaka mwisho hata kama unahitaji mita tano, kwa sababu ikibaki imezungushwa hupata moto. Maungio ya plagi na eksitensheni yakae juu ya baraza au yaning'inizwe kwenye dirisha, katu yasilale chini. Waya unaotoka kwenye pampu uache ushuke kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayotambaa juu yake yadondokee pale badala ya kuingia tunduni. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye maungio hausaidii. Unakusanya maji.

Na sheria isiyo na mjadala: pampu ikiwa inafanya kazi, hakuna mtu majini. Si mtoto, si fundi, si wewe uliyevaa gambuti. Ukitaka kuisogeza, chomoa plagi kwanza, usitegemee swichi, ndipo uingie.

Shimo la pembeni, la kuchimba kabla ya mvua

Pampu za maji machafu huacha sentimita tatu mpaka tano za maji ambazo haziwezi kuzinyonya. Boya nalo lina mambo yake: mara nyingi huwasha pale maji yanapofika karibu nusu mita, na huzima yakishuka. Uani wenye maji ya kifundo cha mguu boya halitanyanyuka kamwe, na mtu atasema ameuziwa pampu mbovu.

Dawa ni shimo. Tafuta kona ya chini kabisa ya ua. Mimina ndoo ya maji na uangalie yanakokimbilia, usikisie kwa macho. Chimba nusu mita kwa nusu mita, kina sentimita sitini au sabini. Jenga pembeni kwa matofali, tandika kokoto chini, na juu weka wavu wa chuma au nondo zilizokaribiana ili mtoto asitumbukie. Boya lipate nafasi ya kupanda na kushuka bila ya kugusa ukuta. Likinasa juu, pampu itaendelea kukauka mpaka iungue, na likinasa chini halitawasha. Ukiwa na shimo kama hili, pampu inajilinda yenyewe: maji yanaingia, boya linapanda, inawasha, inamaliza, inazima.

Katika nyumba za Mji Mkongwe zenye ua wa ndani ulio wazi juu, usichimbe karibu na kuta. Zile ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, maji yakituama kwenye msingi wake hunyonywa kwenda juu na plasta inaanza kupukutika. Tumia tundu la kutokea maji lililopo, lizibue, na pampu ikae hapo hapo.

Asiye na shimo, na mvua imeshaingia, afanye hivi. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe matundu mengi ya upana wa kidole kuanzia chini mpaka nusu, uifunge wavu wa dirisha kwa nje, na utie pampu ndani. Iweke ndoo juu ya tofali moja isivute tope. Boya lifunge lisimame wima ili pampu iwashe wakati wote. Ila hapo huna mlinzi tena: mlinzi ni wewe, na usiondoke.

Siku ya mvua, hatua kwa hatua

Ondoa taka kwa reki au fagio la chelewa kabla ya chochote. Nyuzi za makumbi ndizo adui mkubwa kuliko mawe: jiwe hukwama nje, uzi wa kumbi hujizungusha kwenye mhimili wa feni ya ndani mpaka mota inasimama.

Funga kamba ya nailoni kwenye mkono wa pampu. Unaishusha na kuipandisha kwa kamba hiyo, si kwa waya wa umeme wala kwa mpira. Ukivuta kwa waya mara chache, mshono wa pale waya unapoingilia utaachia, na maji yatapata mlango.

Laza mpira mpaka mwisho wake, ufunge ule mwisho kwenye kitu kizito. Maji yakianza kwa nguvu, mpira uliolegea hupiga huku na huku na kumwaga ulikotoka.

Shusha pampu majini kwa kuilaza kidogo upande, halafu isimamishe. Utaona mapovu yakitoka kwenye kitundu kidogo kilicho juu ya mwili wake: ni hewa iliyokuwa ndani. Subiri mapovu yaishe. Pampu iliyosimamishwa kwa haraka hubaki na hewa tumboni, inazunguka lakini haitoi kitu. Hilo likitokea, chomoa, ilaze tena, uisimamishe.

Toka majini, kausha mikono, bonyeza kile kitufe cha RCD, irudishe, kisha chomeka.

Sasa sikiliza. Pampu yenye maji ya kutosha ina mlio mzito, wa chini, usiobadilika. Ikianza kunyonya hewa mlio unakuwa mwepesi na wa kukatakata, na mwisho wa mpira maji yanatoka kwa kukohoa. Huo ndio wakati wa kuchomoa. Pampu hizi hupozwa na maji yaliyoizunguka, na sili, yaani kile kizibo cha kuzuia maji kilicho kwenye mhimili, hulainishwa na maji hayo hayo. Dakika chache za kukauka hufupisha umri wake sana.

Muda? Uani wa mita 6 kwa 5 wenye maji ya sentimita 20 una lita 6,000, ambazo ni ndoo 300 za lita 20. Pampu inayotoa kweli lita 4,000 kwa saa itamaliza kwa saa moja na nusu, na kwenye mita ya TUKUZA, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, utakuwa umetumia kama 0.6 ya uniti. Mabaki ya chini maliza kwa fagio na tambara.

Maji yakatoke wapi

Jirani yangu, bibi mtu mzima, alitoka mlangoni na kanga yake kichwani, akauangalia mpira uliokuwa umelazwa kuelekea kwake, akasema, "Mwanangu, mvua ni ya Mungu, lakini hayo ni ya kwako." Mpira ulihamishwa pale pale.

Usimpelekee mtu maji, hata kama kiwanja chake ni kitupu. Peleka mtaroni. Kama mtaro uko mbali na njia inapita mbele za watu, zungumza nao kabla ya masika. Pakitokea mvutano, mwende kwa sheha mapema, kwa sababu usiku wa mvua hakuna anayesikilizana. Mara nyingi nyumba tatu nne zikichangia mpira mmoja mrefu, kazi inakuwa rahisi kwa wote.

Usitie maji ya mafuriko kwenye karo, yaani shimo la choo. Karo likijaa, choo kitakurudishia yote chumbani. Na usipampu karo lenyewe kwa pampu hii kulimwagia mtaroni: kinyesi kwenye maji ya mtaa ndiyo njia ya kipindupindu, na Unguja na Pemba tunakijua vizuri. Karo ni kazi ya gari la kunyonya. Tena, wakati ardhi imejaa maji usilikaushe lote, kwani ardhi ya nje inasukuma kuta zake kwa ndani.

Wa mitaa ya karibu na pwani waangalie na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na baina ya kujaa na kupwa bahari yetu inaweza kutofautiana karibu mita nne. Maji yakijaa, mitaro inayotokea baharini husimama, pengine hurudi nyuma. Ukipampu saa hiyo unazungusha maji yale yale. Muulize mvuvi yeyote maji yanaanza kutoka saa ngapi, na uanze hapo.

Umeme ukikatika

Nao hukatika wakati ule ule unaouhitaji. Waliokuwepo miezi ile mitatu ya giza Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wengi walinunua jenereta, na nyingine bado zipo stoo. Pampu ya wati 400 inapowasha huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa nukta moja, kwa hiyo jenereta iwe ya kilowati moja na nusu au mbili. Ikae nje, mbali na milango na madirisha, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Usiitie ukumbini kwa kuogopa mvua. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu wakiwa wamelala.

Kuna njia nyingine ambayo mabaharia wanaijua na wa nchi kavu wameisahau: pampu ya boti ya volti 12, ile inayokaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Hula ampea tatu mpaka tano, inaendeshwa na betri ya gari, na volti zake haziwezi kukurusha. Betri ya ampea-saa 60 ukiitumia mpaka nusu tu, ili usiiharibu, itaendesha pampu ya ampea nne kwa saa saba hivi. Haina nguvu kama ya wati 400, na wavu wake huziba haraka, lakini kwa chumba kimoja na usiku mmoja inatosha. Kwa mwenye watoto wadogo, mimi ningeanza na hii.

Haitoi maji

Inanguruma lakini haizunguki: kuna kitu kwenye feni. Chomoa, igeuze, fungua skrubu za wavu wa chini, utakuta uzi au mfuko. Inazunguka bila ya kutoa: hewa, au mpira umekunjika, au unapandisha juu kuliko uwezo wake. Ilizima yenyewe na mwili wake una moto: ina kinga ya joto ndani, iache majini ipoe nusu saa, na utafute kilichoichosha. RCD inakata kila ukichomeka: maji yameingia ndani ya pampu au ndani ya waya. Usiizungukie kwa kutafuta soketi nyingine isiyo na RCD, kama ninavyosikia watu wanapeana akili. Hiyo pampu imeshakwisha mpaka fundi aifungue.

Baada ya maji kuondoka

Sakafu iliyoguswa na mafuriko ioshwe kwa sabuni na maji safi kwanza, kisha dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe: kikombe kimoja kwenye ndoo ya lita 20. Ipake, iache dakika kumi, suuza. Klorini juu ya tope haifanyi kitu, ndiyo maana sabuni inatangulia. Usiichanganye na dawa ya choo wala asidi, hutoa hewa inayochoma mapafu. Vaa glavu na gambuti, kidonda cha mguu kisiguse maji yale.

Kisima kilichoingiwa na mafuriko kisinywewe mpaka kitolewe maji na kutiwa klorini. Waulize watu wa afya wa shehia kipimo, kwa kuwa kinategemea kina na upana wa kisima.

Pampu itie kwenye pipa la maji safi, iendeshe dakika mbili tatu. Kama ilinyonya maji yenye chumvi, rudia kwa maji mengine. Fungua wavu, safisha, angalia waya wote kwa vidole: palipochubuka hapazibwi kwa selotepu, waya unabadilishwa. Ikaushe kivulini, mpira uning'inize umwage maji yote, ndipo uzihifadhi stoo, juu, mbali na panya. Panya wa stoo zetu hula waya kabla ya kula mchele.

Mvua za mchoo za Julai na Agosti ni kidogo, hazitaihitaji, lakini zitumie kuikumbuka. Itie kwenye pipa uiwashe kidogo, kwa sababu sili iliyokaa kavu miezi mingi hugandana na mhimili. Rudia tena Septemba, kabla ya vuli. Ikikataa kuzunguka wakati huo, bado una wiki kadhaa za kumtafuta fundi.